Chumba Kimoja na Baba Mkwe

Kaka yangu alipooa, mke wake alifundishwa kumkimbia baba yangu. Sisemi kwa utani. Kwetu Ikolo, kwa sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawakai chumba kimoja, wala hawasemezani. Wifi yangu akimwona baba anakuja njiani, alikuwa anaingia migombani mpaka mzee apite. Baba naye, akijua mkamwana yuko jikoni kwa mama, alikuwa anakohoa tangu mbali ili mwenzake apate nafasi ya kutoka. Walimu waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine walidhani familia yetu ina ugomvi. Haukuwa ugomvi. Ilikuwa heshima, na nyumbani kwetu ilishikwa kuliko nyumba za jirani, kwa sababu baba alikuwa mtu ambaye jambo akishalishika haliachii. Mimi nilizaliwa humo na sikuona ajabu yoyote, mpaka heshima hiyo ilipokuja kukaa katikati yangu na fizikia.

Fizikia niliipenda tangu kidato cha kwanza, na sitajifanya kuwa na sababu kubwa. Mwalimu alikuja darasani na kioo cha kunyolea ndevu, akadaka nacho jua la dirishani, akalitupa ukutani, akasema mwanga una sheria zake na haumwogopi mtu yeyote. Nilikuwa mtoto wa kike katika nyumba ambayo kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumwogopa. Maneno yale yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikaanza kuazima vitabu, kunakili, kuwasumbua watu kwa maswali, na mama akawa anasema nimerogwa na kioo.

Kisha mwalimu akaondoka. Miaka ile ya soko huria kila mtu alikuwa anahama. Wanunuzi wapya wa kokoa walikuwa wanaingia Makwale na Ikolo na magari yao na mizani yao, ushirika ukabaki jina tu, na shule binafsi zikawa zinaota Mbeya kama uyoga. Mwenye shule mmojawapo alimchukua mwalimu wetu. Nilipofika kidato cha tatu, kipindi cha fizikia kilikuwa kipindi cha kupiga soga. Mkuu wa shule akatutangazia mstarini kwamba hatasajili mtu fizikia kwa mtihani wa kidato cha nne ili akapate sifuri na kuitia shule aibu. Anayetaka kubaki nayo alete uthibitisho kwamba ana mahali pa kufundishwa. Wenzangu wengi walimshukuru Mungu. Mimi nilikwenda nyuma ya vyoo vya shule nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Wifi ndiye aliyeniletea njia. Kabla ya kuolewa alikuwa amesomea kompyuta Mbeya, na sasa alifanya kazi Mbugani, mjini Kyela, kwenye kafe ya intaneti ya mzee mmoja Mwislamu ambaye asili yake ni Tanga. Mzee huyo alianza na kanga na mafuta ya taa. Soko lilipofunguliwa akaleta kompyuta zilizotumika kutoka Dubai, akazipanga kwenye chumba kilichopakana na duka lake. Mtandao ulipita kwenye waya wa simu ya duka, kwa hiyo mtu akiinua tu mkono wa simu, kompyuta zote zinakatika. Wifi, kila akishaunganisha, alikuwa anaifungia simu ndani ya droo ya kaunta na kutembea na ufunguo. Mwenye kafe alijua kufungua mlango na kupokea hela, basi. Kafe yenyewe ilikuwa wifi.

Akaniletea karatasi aliyoichapa huko kazini. Chuo kimoja cha Dar es Salaam kilikuwa kinaanzisha kozi ya fizikia kwa njia ya mtandao, kwa wanafunzi wa sekondari ambao shule zao hazina mwalimu. Kozi ilikuwa ya bure ila nafasi chache, hivyo kulikuwa na mtihani wa kuingilia, nao ungefanyika hukohuko kwenye mtandao: Jumamosi moja, saa nne hadi saa sita, nchi nzima kwa wakati mmoja. Hakuna kurudia. Na kila mtahiniwa awe na mzazi au mlezi atakayekaa naye chumba kimoja mwanzo hadi mwisho, asije akafanyiwa na mtu mwingine. Nilimpelekea mkuu wa shule karatasi ile. Aliisoma taratibu, akanitazama juu ya miwani.

"Ukipita nakusajili," alisema. "Usipopita, usije tena ofisini kwangu na habari za fizikia."

Mzazi wa kwenda nami alikuwa mama. Hilo hata halikujadiliwa. Wifi ndiye angeendesha mitambo, na yeye na mama walikuwa chanda na pete. Jumamosi ilikuwa siku ya wifi kupumzika, lakini alimwomba tajiri wake amruhusu aje kwa ajili yangu, na yule mzee akakubali kwa sharti kwamba wateja wengine wasizuiwe. Nilisoma kama mtu anayedaiwa roho yake. Mpunga nililinda kitabu kikiwa mapajani, na ndege walikula walichokula.

Asubuhi ya Jumamosi ile mama aliamka na homa. Alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia. Meno yalikuwa yanagongana na huku ananiambia tungoje kidogo, atapata nafuu. Tungoje nini? Masika yalikuwa yamekolea, njia ya kwenda mjini imejaa maji, na kaka yangu alikuwa ng'ambo ya mpaka, Malawi, kwenye biashara zake. Baba alisimama mlangoni akatutazama, kisha akaingia chumbani na kutoka na koti lake la kanisani.

"Twende," alisema. "Mzazi ni mzazi."

"Baba, wifi yupo kule."

Mkono mmoja ulikuwa umeshaingia kwenye koti. Akasimama vilevile, nusu ndani nusu nje. "Leo si Jumamosi? Jumamosi hapumziki?"

"Amekuja kwa ajili yangu."

Nilimwona anafikiri, na nilitamani kumtikisa. "Basi ataandaa vitu vyake, na mimi nikifika atatoka," alisema mwishowe. "Nyumba ile haina mlango wa nyuma?"

"Upo."

"Basi."

Ndivyo tulivyopanga, na kwa kweli haukuwa mpango mbaya. Watu wa kwetu wanaishi hivyo maisha yao yote, huyu akiingia yule anatoka, na mambo yanakwenda. Tulipanda baiskeli, mimi nyuma kwenye keria, viatu mkononi. Palipojaa maji baba alishuka akaibeba baiskeli begani, koti lake amelifunga kichwani lisilowe. Mimi nilikuwa nakariri fomula kimoyomoyo, na nadhani yeye alikuwa anaomba.

Tulipokaribia kafe, baba alipiga kengele ya baiskeli tangu kona, halafu akakohoa. Alikohoa kikohozi cha mtu mwenye adabu zake, kirefu, cha kutosha kumwezesha mtu kukusanya vitu na kuondoka. Nilipoingia, kiti cha wifi kilikuwa bado kinazunguka. Kompyuta ya mwisho, karibu na ukuta, ilikuwa imewashwa na ukurasa wa mtihani umefunguliwa. Mlango wa nyuma ulikuwa unajifunga polepole.

"Mugonile," baba alimsalimu mwenye kafe, na yule mzee, aliyekwishakaa Kyela miaka mingi, akaitikia vizuri.

"Mila zenu nazijua, mzee mwenzangu," akasema huku anacheka. "Lakini binti wa watu karuka kama kaona chui. Haya, karibu kiti. Mimi nipo dukani hapo."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mzazi. Ulikuwa wa Kiingereza, nikamtafsiria baba: mimi mzazi nathibitisha kwamba nitakaa chumbani muda wote wa mtihani, nikitoka, mtihani wa mwanangu utafutwa, na waandaaji wanaweza kuhakiki wakati wowote. Baba akaniambia nirudie pale pa kufutwa. Nikarudia. Juu ya kompyuta palikuwa na kamera ndogo ambayo mwenye kafe aliiweka ili watu waonane na ndugu zao walioko Maskati. Baba aliitazama, akafunga vifungo vya koti, kisha akabonyeza mwenyewe kitufe cha kukubali, kwa nguvu, kama mtu anayepiga muhuri. Kama kamera ile ilikuwa inafanya kazi au haifanyi, mimi sikujua. Mpaka leo sijui.

Mtihani ukaanza. Juu ya kioo palikuwa na saa ya tarakimu nyekundu zinazopungua. Maswali yalikuja moja moja, ukijibu unabonyeza, linakuja jingine. La kwanza lilikuwa la jiwe lililorushwa juu. La pili lilikuwa la taa mbili kwenye waya mmoja. Likaja la gogo linaloelea, sehemu gani imezama, na nikacheka peke yangu, maana mitumbwi tumeiona tangu tunazaliwa. Nilikuwa najua! Sijui nieleze vipi furaha ile. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, gizani, kwa vitabu vya kuazima visivyo na majalada, na sasa mtu wa Dar es Salaam alikuwa ananiuliza kana kwamba anajua ninajua. Baba alikuwa amekaa wima nyuma yangu, mikono magotini. Nilisikia pumzi zake tu.

Halafu kioo kikaganda. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Ukurasa mweupe ukatokea, na maandishi madogo ya kusema mtandao haupatikani.

Kutoka dukani nilisikia sauti ya mwenye kafe inasema, "Haloo! Haloo, Mbeya!"

Simu haikuwa kwenye droo. Wifi alikuwa ameunganisha mtandao, na alikuwa anakwenda kuifungia simu pale baba alipokohoa. Adabu ikamtoa mbio, simu ikabaki kwenye kaunta, na yule mzee wa watu akainua mkono wake kuulizia mzigo wa saruji.

Nilipiga ukelele. Mwenye kafe alikuja mbio, simu ameitupa, mikono kichwani. "Nimesahau, binti yangu, nimesahau! Yeye ndiye huwa ananikumbusha!" Tukajaribu kuunganisha upya. Kisanduku cha mtandao kilitoa mlio, kikakohoa, kikanyamaza. Taa yake ikawa inawaka na kuzimika bila mpango. Nikamwambia mzee aende uani akamuulize wifi.

Akaenda. Akarudi. "Anasema zima kisanduku, ngoja, washa." Tukazima, tukangoja, tukawasha. Hakuna kitu. Akaenda tena, akarudi anahema. "Anasema kwanza uchomoe waya wa simu, ndio uzime." Tukachomoa. "Ama ni uzime ndio uchomoe? Ngoja." Akaenda tena. Kila alipokwenda nilikuwa natazama mahali zile tarakimu nyekundu zilipokuwa. Hazikuwepo, lakini nilijua kule Dar es Salaam zinaendelea kupungua, hazina habari na mimi.

Mwisho nikakimbilia uani mwenyewe. Wifi alikuwa amesimama chini ya michirizi ya bati, amebana ukutani, kanga kichwani imelowa.

"Wifi, njoo ndani. Nakuomba. Dakika moja tu."

"Siwezi, wifi yangu. Baba yupo."

"Hatakutazama!"

"Siwezi." Akaweka mkono tumboni, na nikaelewa. Alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika, na kulikuwa na wanawake kijijini waliomwambia wazi kwamba ni kwa sababu alikutana na baba mkwe kwenye kona ya njia akachelewa kujificha. Alikuwa amesoma, alikuwa anajua kompyuta, lakini mimba iliyoharibika ilikuwa yake, haikuwa yangu. Machozi yalikuwa yanamtoka kama mimi. "Mwambie baba atoke kidogo tu," akasema. "Atoke, naingia, namaliza, anarudi."

Nikarudi ndani. "Baba, toka nje kidogo."

"Nikitoka wanakufuta."

"Hawaoni! Mtandao umekatika, baba, nani atakuona?"

Baba akatazama kamera, akanitazama mimi. "Nimeshakubali kwamba sitatoka," alisema. "Nimebonyeza mwenyewe. Wamesema wanaweza kuhakiki wakati wowote. Wewe unajua kwa hakika kwamba hawaoni?"

Sikujua. Hapo ndipo nilipokwama. Laiti ningejua kwa hakika, ningemsukuma nje kwa mikono yangu miwili.

"Mzee mwenzangu, mtoto anaangamia," mwenye kafe akasema. "Mfikirie mtoto."

"Ninamfikiria nani basi?" Baba alipandisha sauti, jambo ambalo hakulizoea mbele ya wageni. "Nimeacha mgonjwa ndani. Nimebeba baiskeli majini. Nikitoka anafutwa, nikikaa mkamwana haingii. Niambie wewe, Bwana, ninamfikiria nani?"

Nilimchukia wakati ule. Nasema kama ilivyokuwa. Nilimchukia baba, nikamchukia wifi na kanga yake, nikawachukia watu wa chuo ambao walidhani mzazi ni mtu wa kuwekwa tu kwenye kiti. Niliona wazi kwamba nitashindwa na si kwa sababu sijui. Nilirudi kitini mbele ya kompyuta, nikaweka kichwa kwenye kibodi. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilihisi maisha yangu yamefika mwisho katika chumba kinachonuka mafuta ya taa.

Nikasikia kiti kinaburutwa.

Baba alikuwa amekigeuza kiti chake, kimeelekea ukutani. Alivua koti. Akakaa, akalifunika juu ya kichwa chake, akalivuta mbele mpaka kifuani, akalishikilia kwa ndani kwa mikono miwili. Haikuonekana sehemu yoyote ya mwili wake isipokuwa suruali na viatu vyenye matope.

"Mwite," akasema kutoka humo ndani.

Nisingeamini kama nisingeona. Baba yangu, mzee wa kanisa, mtu ambaye watu wazima waliteremka baiskeli kumsalimu, amekaa katika kafe ya Mbugani kama mzigo uliofunikwa turubai. Mteja mmoja aliyekuwa anaingia akageuka akarudi alikotoka. Mwenye kafe aliinamisha macho.

Wifi aliingia kwa magoti. Alijifunika kanga uso mzima, akaacha upenyo wa jicho, akatambaa chini ya meza za kompyuta ili zimkinge. Mkono wake ulitokea juu ya meza ukashika kisanduku, ukachomoa huku, ukachomeka kule, ukarudi kwenye kibodi ukaandika bila yeye kuinuka. Simu akaifungia kwenye droo. Kisanduku kikaanza ule mlio wake wa filimbi na mikwaruzo, na mimi nikawa nasema kimoyomoyo, haya, haya, haya. Ukurasa ukarudi. Nikaandika namba yangu ya mtahiniwa. Wifi akatambaa kinyumenyume mpaka mlangoni, akatoka.

Tarakimu nyekundu za saa zilikuwa zimekwisha kabisa. Zilibaki za dakika, nazo chache.

Nilijibu kama mwendawazimu. Sikuwa nasoma maswali, nilikuwa nayanusa. La lenzi. La chemchemi inayovutwa. La maji yanayochemka mlimani. Kila nililoliona nilijua jibu lake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana kama yangekuwa magumu ningepata wa kumlaumu. Likaja la mwanga unaopita kutoka kwenye kioo kwenda hewani. Nilishaona jibu. Kidole kilikuwa kwenye mausi. Ukurasa ukajifunga, yakatokea maandishi ya kunishukuru kwa kushiriki.

Sijui nilikaa hapo muda gani. Nilipogeuka, baba alikuwa bado amejifunika. Hakuna aliyemwambia kwamba mkamwana alishatoka. Mwenye kafe alikuwa amekwenda dukani, na mimi nilikuwa na maswali yangu. Alikuwa amekaa vile, katika joto la chumba kile, koti zito usoni, tangu wakati ule. Nilipolifunua, uso wake ulikuwa umelowa jasho mpaka shingoni na macho ameyafumba.

"Umemaliza?" akaniuliza, bado amefumba.

"Muda umekwisha, baba."

Alifumbua macho, akaitazama kompyuta, halafu kamera. Alivaa koti lake likiwa limekunjamana, akamshukuru mwenye kafe, "Ndaga, Bwana," tukatoka. Njiani maji yalikuwa yamepanda zaidi, tukavuka tumeshikana mikono.

Majibu yalichukua muda. Katika siku zile za kungoja nilikuwa mtu wa kusikitikiwa. Nilijipa moyo asubuhi, nikakata tamaa jioni. Nilijiambia kwamba wataona niliyojibu yote ni sahihi, wataona palikuwa na pengo, watauliza. Niliwaza hata kuwaandikia barua. Lakini ningewaeleza nini? Kwamba mtandao ulikatika kwa sababu baba yangu alikohoa? Ningewaelezaje watu wa Dar es Salaam kwamba hakuna aliyekosea, kwamba kila mmoja alifanya hasa lile alilotakiwa? Nilianza barua hiyo kichwani mara nyingi na kila mara niliishia pale pa koti.

Alasiri moja nilikuwa uani na baba tunapasua kokoa. Mama alikuwa shambani, homa ilikuwa imemwachia. Baba alikuwa anapasua matunda kwa panga, mimi natoa mbegu na kuzitia kwenye ndoo, mikono inateleza ule utelezi wake mtamu. Nikasikia mtu anakohoa nyuma ya jiko. Kilikuwa kikohozi cha kike, cha taratibu. Baba akageuza kigoda chake akatupa mgongo.

Nilikwenda mpaka pembe ya jiko. Wifi alikuwa amesimama upande wa pili wa ukuta, ametoka kazini, amechoka, tumbo sasa linaonekana. Nilimtazama usoni na nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Hawajakuchukua," alisema kwa sauti ya chini. "Wameandika kwamba yote uliyojibu ni sahihi. Lakini hukujibu ya kutosha. Na hakuna kurudia."

Nilirudi nikakaa penye ndoo yangu, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nilishika tunda la kokoa nikawa nalitazama. Fizikia ilikuwa imekwisha. Mkuu wa shule angefuta mstari mmoja na mambo yangeendelea, na mimi ningefanya mtihani wa kidato cha nne katika masomo ambayo hayakuwahi kuniambia kitu.

"Muulize," baba alisema. Alikuwa bado ametupa mgongo, panga limesimama hewani. Alikuwa ananiambia mimi, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Baba mkwe akiwa na neno kwa mkamwana hulipitisha kwa mtu. "Muulize, ni zile dakika?"

Nilifungua mdomo. Nilipaswa kusema, wifi, baba anauliza ni zile dakika. Jibu nilikuwa nalijua, na yeye alikuwa analijua, na sikuwa na nguvu ya kulibeba kutoka upande mmoja wa jiko hadi mwingine.

"Ndiyo, baba," wifi akajibu mwenyewe kutoka nyuma ya ukuta. "Ni zile."

Nilishtuka. Baba akateremsha panga polepole mpaka likagusa ardhi. Kuku walikuwa wanachakura maganda na hakuna aliyewafukuza.

"Ningetoka nje tu," alisema. Hakuwa ananiambia mimi. "Ningetoka."

"Ungetoka wangemfuta, baba."

"Huenda hawakuwa wanaona."

"Huenda walikuwa wanaona."

Waliendelea hivyo, baba akiutazama uwanja, na wifi akiutazama ukuta wa jiko, wakipima ni kipi kingeniokoa. Nilikuwa nimekaa katikati yao na mikono yenye utelezi wa kokoa. Hawakunihitaji tena niwapitishie maneno. Walikuwa wanasemezana kuhusu fizikia yangu, na mimi fizikia sikuwa nayo tena.